Nilivyokipata kiota cha furukombe Igombe

Kiangazi kizima nilitafuta kiota cha furukombe, yule tai mla samaki, kule Igombe kando ya Ziwa Victoria, bila kukiona, na kila alfajiri namsikia akilia. Nilikuwa nikiona mti mrefu naelekeza darubini kileleni, nikiamini ndege mkubwa vile hawezi kukaa chini.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu mwaloni ndiye aliyenifungua macho. Baada ya shikamoo nikamweleza shida yangu. "Mwanangu, achana na miti," akasema. "Mfuate ndege."

Kesho yake nilijibanza kwenye mwamba tangu saa kumi na mbili. Ilipokaribia saa tatu, furukombe mmoja alipita na kijiti kirefu miguuni, akaingia kwenye mkuyu ambao nilikwishaupita mara nyingi sana.

Haukuwa mrefu kuliko mingine. Kiota kilikuwa kwenye panda, pale shina linapogawanyika mara tatu, majani yakikifunika kwa juu. Ndipo nilipoelewa. Kiota chao hufikia upana wa sentimita 120 hadi 180, na kila msimu huongeza vijiti, kwa hiyo matawi membamba ya kileleni yasingebeba. Kivuli nacho kinasaidia, jua la saa nane ni kali kwa kinda. Lakini upande wa ziwani palikuwa wazi kabisa, bila tawi la kuzuia. Ndege mwenye mabawa ya mita mbili hivi, tena kabeba samaki, anahitaji njia iliyonyooka. Chini ya shina mawe yalikuwa meupe kwa kinyesi, na nikaokota kifuniko cha shavu la sato, kikavu, chepesi kama ganda la kitunguu.

Tangu hapo naanzia majini: wapi anavua, wapi anatua, panda iko wapi. Kwa njia hiyo nilikipata na kiota chao cha pili, maana jozi moja huwa na zaidi ya kimoja.

Linaloniumiza ni mti mkavu ulio jirani na ule mkuyu. Hapo ndipo wanapokaa kuchungulia maji, na mwenye shamba anautaka kwa kuni. Nilimwita, nikampa darubini. Alitazama muda mrefu, jike likiwa limeatamia. Mayai huchukua siku 42 hadi 45 kuanguliwa, kisha makinda siku 70 hivi kabla ya kuruka. Amekubali kusubiri mpaka waruke. Nitarudi kumwomba tena.