Siku moja maabara ya damu, Mtwara: kuhesabu chembe sahani

Saa 1:15 asubuhi. Kabla ya damu ya mgonjwa yeyote, mashine hupimwa ikiwa na maji yake ya kuzimulia tu. Upande wa chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia kuziba kidonda, namba isizidi 10, maana yake elfu 10 katika kila mikrolita. Chembe hizi ni ndogo mno, maikromita 2 hadi 3, kwa hiyo vumbi, viputo vya hewa au maji yaliyokaa wazi huhesabiwa kama chembe. Ikizidi, safisha mrija, badilisha maji, pima tena. Ndipo zinapoingia kontroli tatu, yaani sampuli ambazo jibu lake linajulikana tayari: ya chini, ya kawaida na ya juu. Ya chini ikikosea hakuna jibu linalotoka, maana huko ndiko maamuzi mazito ya daktari yaliko.

Saa 2:30. Kutoa damu. Makosa mengi huzaliwa hapa, si kwenye mashine. Kamba ya mkono isizidi dakika moja. Damu ifike kwenye alama ya kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kisha kipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10, bila kutikiswa. Mtoto akihangaika na damu ikawa inadondoka polepole, bonge dogo hujifunga kichupani na kunasa chembe sahani nyingi. Mtoto mwenye 200 atasomeka ana 30.

Saa 4:00. Mtoto ana homa, kipimo cha haraka cha malaria ni chanya, chembe sahani 48. Kawaida ni 150 hadi 450, kwa maelfu katika kila mikrolita. Jibu kama hili halitoki hivi hivi. Kwanza kijiti kinaingizwa kichupani kutafuta bonge. Halafu damu inapakwa kwenye slaidi, inatiwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa hadubini, kwa lenzi ya 100 yenye mafuta, kuanzia mkiani mwa slaidi, ambako chembe zilizoshikana hupenda kurundikana. Zikionekana zimeshikana, huenda ni dawa ya kichupani, ile ya kuzuia damu isigande, inayozishikanisha. Chukua damu upya kwenye kichupa cha buluu chenye sitreti, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kisha zidisha jibu kwa 1.1, kwa kuwa sehemu 1 ya dawa imezimua sehemu 9 za damu. Kama hazikushikana, hesabu maeneo 10, tafuta wastani, zidisha kwa 15,000. Wastani wa 3 ni 45,000, kwa hiyo mashine imesema kweli.

Mbona zimeshuka na mtoto hatoki damu popote? Kwa sababu kazi ya chembe sahani si kuziba kidonda tu. Ni miongoni mwa za mwanzo kufika penye mchochota, pale mwili unapovimba na kupata moto kwa kupambana na vijidudu. Zikiamshwa hutoa juu ya utando wao protini iitwayo P-selektini, ambayo hunata kwenye chembe nyeupe. Chembe nyeupe nazo hurusha nyuzi za DNA zinazonasa vijidudu, na nyuzi hizo hizo zikizidi huziba mishipa midogo. Kwenye malaria, chembe sahani hunata kwenye chembe nyekundu zenye vimelea na kumwaga protini inayoweza kuua kimelea humo ndani. Upande wa pili, husaidia chembe nyekundu hizo kushikamana na kuziba vishipa vya ubongo. Chembe sahani zilizotumika huondolewa, na bandama, ambalo hata kwa mtu mzima wa afya huhifadhi karibu theluthi moja, likivimba hushikilia zaidi. Kinachozirudisha ni dawa ya malaria, mara nyingi ndani ya wiki moja hivi. Kumwongezea chembe sahani mtoto asiyetoka damu, kwa namba 48, hakuna sababu.

Saa 6:00. Namba iliyo chini ya 20 hupigiwa simu wodini. “Sista, chembe sahani 14, tumezihakiki kwenye slaidi.” Sista anairudia namba, inaandikwa pamoja na saa.

Saa 7:30 mchana. Sasa kinyume chake: 780, mgonjwa wa kifua kikuu. Mchochota wa muda mrefu huongeza kemikali iitwayo IL-6, ini likatengeneza homoni zaidi ya kuamsha uboho, na uboho ukazalisha chembe sahani kwa wingi. Upungufu wa madini ya chuma pia huzipandisha. Slaidi itazamwe hata hapa: vipande vya chembe nyekundu, na chembe nyekundu ndogo sana, huweza kuhesabiwa kama chembe sahani.

Saa 8:15. Homa isiyo malaria, viungo vinauma. Uwanda wa juu wa Makonde ndiko chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilikotambuliwa mara ya kwanza, katika mlipuko wa 1952–1953, kwa hiyo huku hatuisahau. Kwa kawaida haishushi chembe sahani sana. Dengi, homa nyingine ya virusi vya mbu, hushusha, mara nyingi homa ikianza kupoa, huku asilimia ya chembe nyekundu katika damu ikipanda kwa sababu maji ya damu yanavuja mishipani. Soma namba zote mbili pamoja. Na aspirini isitumike kabisa: huzima kimeng'enya cha chembe sahani, na chembe hiyo, kwa kuwa haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine mpaka ife, siku 7 hadi 10.

Saa 9:30 alasiri. Mashine inasafishwa. Zamu ya usiku inaachiwa orodha: mtoto mwenye chembe sahani 48 apimwe tena kesho asubuhi, kwa mashine hii hii, slaidi ya leo isitupwe.