Baba hakupandishwa kwenye mashine

Leo nimempeleka baba kwa munganga wa moyo, hapa Lubumbashi. Aliwekewa stenti India, kile kibomba kidogo cha waya kinachoshika mshipa wa moyo ubaki wazi.

Nilitaka apimwe moyo akitembea kwenye mashine, hata kama haumwi.

Munganga akamgeukia yeye:
"Papa, ukipanda ngazi kifua kinabana?"
"Hapana. Ninatembea mpaka Kamalondo, ninarudi."

Namna alivyolijibu! Amenyoosha mgongo kabisa. Tangu augue, sisi watoto ndio tunamjibia kila kitu.

Munganga akatueleza utafiti wa Korea Kusini wa 2022: wagonjwa 1,706 wa hatari kubwa, wote walikuwa wamezibuliwa mishipa. Wengine walipimwa baada ya mwaka 1 hata bila dalili, wengine wakapimwa dalili zikitokea tu. Miaka 2 ilipofika, vifo na mshtuko wa moyo havikupishana sana kati ya makundi hayo mawili. Waliopimwa bila dalili walizibuliwa mishipa tena mara nyingi kidogo zaidi, basi.

Basi munganga hakumpandisha kwenye mashine. Akasema: dawa asiache. Kifua kikibana, aje siku ileile.

Wenye wazazi wenye stenti, waganga wenu wanawaambia nini? Niandikieni, nasoma zote.