Mistari kwenye kaniki

"Sasa hiyo kombinatoria yako inajenga nini, mpwa wangu?" Mjomba aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani. Nilikuwa nimerudi Tanga likizo, mwaka wa pili wa uzamivu wa kombinatoria, hisabati ya kuhesabu namna za kupanga na kuunganisha vitu. Jibu langu la siku zote, kwamba nasomea kompyuta, kwake halikuwa na thamani tena: juzi yake tu nilishindwa kumtengenezea simu.

Nikaokota kipande cha kaniki mezani, nikapiga nukta sita kwa chaki ya fundi. "Watu sita wako harusini. Wanaofahamiana waunganishe kwa nyekundu, wasiofahamiana kwa nyeupe. Usiniachie pembetatu ya rangi moja."

Akaacha kushona. Kwa kuwa ni mtu wa kupima kabla ya kukata, alianza na watano, akapatia: nyekundu ikazunguka nje, nyeupe ikafanya nyota ndani. Wa sita ndiye aliyemharibia. Alifuta kwa kiganja, akachora, akafuta, hata kaniki ikageuka waridi, na kanzu yake nayo.

Mwishowe nikamwonyesha. Nukta moja inatoa mistari mitano, kwa hiyo angalau mitatu ni ya rangi moja, tuseme nyekundu. Shika wale watatu walio upande wa pili. Wawili wao wakiungana kwa nyekundu, pembetatu imejifunga. Wasipoungana hivyo, wao watatu ni pembetatu nyeupe.

"Ala!" Ni nadharia ya mwanahisabati Frank Ramsey, iliyochapishwa 1930, lakini jina sikulitaja, pale lingeharibu utamu.

"Na tukitaka kundi la wanne, wote wameungana kwa rangi moja?" Swali hilo sikulitegemea. Wanafunzi niliowafundisha muhula mzima hawakuniuliza.

"Waalike watu 18."

"La watano?"

"Haijulikani, Mjomba. Hawapungui 43."

"Na kompyuta zenu zote hizo?"

Nikamwandikia pembeni: watu 43 wana mistari 903, kila mstari rangi mbili, na hesabu ya namna za kuipaka ni namba yenye tarakimu 272. Aliitazama ile 272 kitambo, kama mtu aliyetajiwa bei ya kiwanja.

"Kumbe unalipwa kwa kutojua."

Nikacheka, maana posho ya mwezi ule nilikuwa nimeshaila.

Mteja akaingia kuulizia suruali yake. Mjomba, chaki mkononi, alikuwa ameshapiga nukta ya saba.

"Njoo kesho," akamwambia.