Wiki moja Scapa Flow: suti, hewa na vidole

Mzamiaji aliyefundishwa Pemba au Mafia amezoea maji ya nyuzi 26 hadi 29. Scapa Flow, ghuba iliyozungukwa na visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, huwa na nyuzi 7 hivi mwezi wa Aprili, na Septemba hufika 13 au 14 tu. Mzamo mmoja katika baridi hiyo unavumilika. Kazi iko kwenye wiki nzima: mizamo miwili kwa siku, siku sita, mnalala humo humo botini, na nguo iliyolowa Jumatatu haijakauka Jumanne.

Klabu hupanda boti Jumamosi kwenye gati la Stromness, mara nyingi watu 12 hivi. Kinachowavuta ni meli za kivita za Ujerumani. Tarehe 21 Juni 1919 Admeri Ludwig von Reuter aliamuru meli zake 74 zilizozuiliwa ghubani zizamishwe na mabaharia wake wenyewe, na 52 zikaenda chini. Nyingi ziliopolewa kwa ajili ya chuma. Saba kubwa zimebaki: König, Kronprinz Wilhelm na Markgraf, zilizopinduka matumbo juu, na zile nyepesi, Brummer, Cöln, Dresden na Karlsruhe, zilizolala ubavu. Anzeni na Karlsruhe, kwenye mita 25 hivi, ili kila mtu apime risasi zake, vile vipande vya uzito vinavyomsaidia kushuka. Mwisho wa mzamo, mitungi ikiwa na baa 50 za shinikizo la hewa, uweze kutulia mita 3 bila kuvutwa juu. Ovaroli nene ya ndani hudai risasi nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Suti kavu, ile isiyoingiza maji, huharibika mahali pale pale kila mwaka: kola ya shingo, vikuku vya mikono, zipu. Unywele mmoja ulionaswa chini ya kola unatosha kulowesha kifua kwa dakika 40. Kabla ya kuvaa, paka poda kwenye mpira, pitisha kidole kuzunguka shingo yote, kisha mwenzako aikague zipu hadi jino la mwisho, maana ikibaki wazi sentimita moja maji yataingia kwa nguvu. Zipu ya shaba ipakwe nta kila siku. Klabu ibebe kola mbili, vikuku jozi mbili na gundi yake, na ikumbuke kwamba gundi inahitaji usiku mzima kukauka. Ndani vaa sufu. Pamba hunywa jasho na kukugandisha. Njoo na seti mbili, moja ivaliwe huku nyingine ikining'inia karibu na injini.

Hatari ninayotaka kila mgeni wa maji baridi aielewe ni kuganda kwa regyuleta, kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi. Hewa ikitoka kwenye baa 230 na kutanuka ghafla ndani ya hatua ya kwanza, sehemu ya regyuleta iliyofungwa kwenye mtungi, hupoa chini ya sifuri. Unyevu wowote uliopo hugeuka barafu, vali hushindwa kufunga, na hewa humwagika yenyewe kinywani kama bomba lililopasuka. Kwenye mita 35 mtungi wa lita 12 unaweza kuisha kwa dakika chache. Wengi hujiletea wenyewe: wanaipumulia regyuleta sitahani kwenye upepo ili kuijaribu, pumzi yenye mvuke ikabaki ndani, au wanashuka wakipumua, wakijaza suti na mfuko wa kuelea kwa wakati mmoja. Jaza kidogo kidogo, kimoja baada ya kingine. Tumia regyuleta iliyofunikwa dhidi ya maji baridi, mbili, kila moja na vali yake, juu ya mitungi pacha yenye vali ya kati ya kuitenganisha. Ikimwagika, funga vali ya upande ule, pumua ya pili, mpe mwenzako ishara, pandeni. Mzamo umeisha hata kama barafu itayeyuka. Asiyeweza kufikia vali zake akiwa na glavu nene ajifunze bwawani kabla ya safari.

Hesabu ya hewa ni rahisi. Lita 20 kwa dakika juu ya maji huwa lita 90 kwenye mita 35. Mitungi pacha ya lita 12 ikijazwa baa 230 ina lita 5,500 hivi; theluthi mbili ni za kutumia chini na kwenye kupanda, ya tatu ni ya mwenzako. Anayetetemeka hupumua zaidi, basi hesabu upya baada ya mzamo wa kwanza. Nitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni, ya asilimia 32, kwa kikomo cha shinikizo la oksijeni la baa 1.4, inaishia mita 33, nayo Cöln imelala kwenye mchanga wa mita 35. Asilimia 28 inafika 40. Pima mtungi wako mwenyewe, uandike.

Kila wawili warushe boya lao wakiwa chini na wapande kwa kamba yake, nahodha anafuata. Mita 6, mnaposimama kabla ya kutoka majini, ndipo baridi inapouma, kwa sababu umetulia na vidole vimeshakufa. Mwili uliopoa hutoa polepole naitrojeni iliyoyeyuka ndani yake, kwa hiyo punguza muda wa chini kadiri wiki inavyosonga. Jumatano alasiri nendeni Burra Sound, kwenye meli zilizozamishwa kuziba mlango, kama Tabarka, kina kisichozidi mita 18. Pale mkondo ni mkali. Huingiwa maji yakisimama tu, na siku za bamvua utulivu huo ni mfupi mno. Mkiweza, chagueni wiki ya maji mafu.

Kunywa maji, hata kama kukojoa ndani ya suti ni taabu. Ukitoka, chai kwanza. Usikimbilie bafu la moto sana.

Meli zile saba zinalindwa kisheria tangu 2001, usichukue hata msumari. HMS Royal Oak, iliyozamishwa 14 Oktoba 1939 ikiwa na mamia ya mabaharia, ni kaburi, haizamiwi.

Ijumaa zamieni asubuhi pekee. Anayeruka kutoka Kirkwall asubiri angalau saa 24. Wa feri aanike suti kabla ya kuikunja, zipu ikiwa wazi.