Unga wa vifuu uliokataa kukaa mpakani

Kazi yangu ya uzamili ilisikika nyepesi: igeuze alkoholi ya benzili iwe benzaldehaidi, kemikali yenye harufu ya lozi, uishie hapo, isifike kuwa asidi. Kioksidishaji, yaani kemikali ya kuipa oksijeni, ni haidrojeni peroksaidi, ambayo ikimaliza kazi huacha maji tu. Shida ni kwamba peroksaidi inakaa kwenye maji, na alkoholi yangu iko kwenye tolueni, kimiminika kisichochanganyika na maji, kama mafuta, kinachoelea juu. Kundi la Ryoji Noyori kule Japani lilishalitatua hilo mwaka 1997 kwa chumvi ya tangisteni, metali inayochochea mmenyuko, na kemikali ya kuvusha, yenye tabia ya sabuni. Sabuni ikishaingia, kuitoa ni balaa. Mimi nilitaka unga wa kubeba tangisteni na kukaa mpakani mwa maji na tolueni, kisha niuchuje kwa karatasi.

Mama mmoja anayekuna nazi sokoni alinipa vifuu gunia zima, bure. Nikavichoma bila hewa kwa nyuzijoto 700, nikasaga, nikabebesha tangisteni. Unga wote ukaelea kwenye tolueni. Nikachoma vingine, nikavichemsha kwenye asidi ya nitriki ili vipende maji, wote ukazama. Wiki tatu nilikuwa naelea na kuzama nao.

Kumbe unga unaofaa ni ule usio na upande. Chembe ikilowa maji nusu na mafuta nusu, pembe ya mguso, ile maji yanayoifanya yakigusa chembe, ikikaribia digrii 90, haing'oki mpakani kirahisi. Zikijipanga nyingi hulizingira tone lisiungane na mwenzake. Hiyo ndiyo emalsheni ya Pickering, mchanganyiko wa maji na mafuta unaoshikiliwa na chembe badala ya sabuni. Nikashusha joto hadi 450, mkaa ubakiwe na oksijeni kidogo usoni, asidi nikaachana nayo. Nikasaga upya, safari hii mpaka mkono ukafa ganzi, nikachekecha. Kusaga ndiko nilikokuwa nimekudharau: chembe kubwa huanguka kwa uzito wake.

Nikatikisa chupa. Likatoka kama tui zito la kijivu, na asubuhi lilikuwa vilevile. Nikadondosha tone lake kwenye maji likatawanyika, nikajua mafuta, yaani tolueni, ndiyo yako ndani ya matone.

Jaribio la kwanza nilimimina peroksaidi yote kwa pupa. Nilipofukiza tolueni nikapata fuwele nyeupe zilizoyeyuka kwenye nyuzijoto 122: asidi ya benzoiki. Nikaanza kuidondosha peroksaidi kwa sindano, pungufu ya alkoholi, nikizima moto mapema. Aldehaidi ikizaliwa hukimbilia kwenye tolueni, mbali na maji ambako ingeshambuliwa tena. Siku ilipokubali, harufu ya lozi ilinifikia kabla mashine ya kromatografia, inayotenganisha na kupima kilichomo, haijachora kitu.

Unga nikauosha kwa ethanoli, nikautumia tena, ukafanya kazi kivivu. Nikachuja mchanganyiko mwingine ungali moto, nikaurudisha motoni bila unga: ukaendelea kuoksidisha. Tangisteni inang'oka kwenye unga na kuvuja kwenye maji, na hapo ndipo nilipo sasa, na nusu gunia la vifuu chini ya meza.