Siku moja chumba cha upasuaji: kupanua mzizi wa aota

Saa 12:30 asubuhi. Tunabadilisha vali iliyoziba ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni; mzizi wake ukiwa mwembamba, tunaupanua ili vali kubwa zaidi iingie. Kazi inaanza na hesabu. Mgonjwa mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.9 anahitaji vali yenye mwanya wa sentimita za mraba 1.6 hivi, yaani 0.85 kwa kila mita ya mraba. Vali ya milimita 19 yenye mwanya wa 1.2 itampa 0.63, na kuanzia 0.65 kushuka ni kubanwa vibaya. Hapo utakuwa umetoa vali iliyoziba ukaweka inayobana, na misuli minene ya moyo haitapungua inavyotakiwa.

Saa 2:00. Mgonjwa amelala. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kupitia umio inakagua vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba vya kushoto vya moyo, maana mkato utapita jirani yake.

Saa 3:00. Kidari kimefunguliwa. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni uniti 300 hadi 400 kwa kilo, na mzunguko wa mashine ya moyo na mapafu hauanzi kabla muda wa kuganda damu kuvuka sekunde 480. Aota inabanwa, dawa yenye potasiamu inausimamisha moyo.

Saa 3:40. Vali inakatwa, kalsiamu inakwanguliwa na kufyonzwa yote. Chembe ikibaki inaweza kuleta kiharusi. Kipimo cha milimita 19 kinaingia kwa shida. Kulazimisha cha 21 ni kuchana pete inayoshika vali.

Saa 4:00. Hapa ndipo penye kazi. Mzizi una vifuko vitatu: cha kulia na cha kushoto hutoa mishipa inayolisha moyo, cha tatu hakitoi. Mkato wa daktari Nicks (1970) unashuka katikati ya kifuko kisichotoa mshipa wa moyo, unavuka pete hadi kwenye pazia linaloishikanisha aota na mitrali. Wa Manouguian (1979) unapita kati ya kifuko hicho na cha kushoto, na unaweza kuingia kwenye jani la mbele la mitrali. Ukizidi, mitrali itavuja. Mkato wa Y wa Bo Yang, wa mwaka 2020, unashukia papo hapo kisha unagawanyika chini ya pete kulia na kushoto, bila kugusa mitrali, na unaweza kuongeza saizi tatu au nne za vali. Kwa saizi moja, Nicks inatosha. Upande wa kifuko cha kulia tunauheshimu: njia ya umeme wa moyo iko hapo.

Kiraka ni utando wa moyo wa ng'ombe, uzi ni polipropilini 4-0. Tunaanzia chini kabisa, mishono ikaribiane na kukazwa sawasawa. Kiraka kisicho na upana wa kutosha kinaila faida yote ya mkato.

Saa 5:00. Nyuzi za vali zinazopita kwenye kiraka zinatoka nje kwenda ndani, vitambaa vyake vya kuzuia kuchanika vikibaki nje. Kabla ya kufunga fundo, hakikisha midomo ya mishipa ya moyo inaonekana. Vali kubwa iliyoinama inaweza kuiziba.

Saa 5:50. Kabla ya kuachia kibanio, dawa ya kusimamisha moyo inasukumwa tena ndani ya mzizi, na mshono wa nyuma unakaguliwa chini ya shinikizo. Ukivuja baadaye, moyo ukidunda, hapafikiki: kuunyanyua mzizi uliojaa kunaweza kuchana kiraka. Ni heri kurudi kwenye mashine na kuusimamisha moyo upya.

Saa 7:30 mchana. Eko safi, protamini ya kuondoa nguvu ya heparini, mirija ya kutoa damu, nyaya za kuendesha mapigo.

Saa 9:00. Chumba cha uangalizi. Shinikizo la damu halipandishwi ovyo, na mirija ikitoa mililita 200 kwa saa, daktari wa upasuaji anaitwa mara moja.