Fezanti wa Januari: mimi, Baba na mbwa wawili Dakota Kusini

Wengi huja Dakota Kusini, jimbo la Marekani, kuwinda fezanti, ndege wa jamii ya kuku, mwezi wa Oktoba, msimu ukifunguliwa, mahindi mengine yakiwa bado shambani na ndege wengi wakiwa wachanga wasiojua bunduki ni kitu gani. Baba hataki habari ya Oktoba. Yeye hungoja Januari, wiki za mwisho kabla msimu haujafungwa tarehe 31, barafu ikiwa imeshika vinamasi na wageni wamesharudi kwao. "Waliobaki sasa ndio wenye akili," husema. Nami, kwa niliyoyaona theluji hii, niko upande wake kabisa.

Tulitoka Sioux Falls kungali giza, tukashika barabara kuu ya kuelekea Mitchell, kisha tukapinda kaskazini hadi Huron. Nyuma ya gari walikuwa Doria na Chui. Doria ni Labrador wa rangi ya njano, mtulivu, mwenye kifua kipana. Chui ni mbwa wa Kijerumani wa manyoya mafupi, ana madoadoa ya kahawia, na hawezi kulala gari likiwa linakwenda. Huron tulisimama kunywa chai na kuwatoa mbwa wajisaidie. Kando ya barabara pale kuna sanamu ya fezanti ya urefu wa futi 28, na haishangazi, maana tangu mwaka 1943 huyu ndiye ndege rasmi wa jimbo. Asili yake ni Asia. Waliletwa Oregon kutoka China miaka ya 1880, na mwaka 1908 wengine wakaachiwa katika wilaya ya Spink, huko huko tulikokuwa tunakwenda. Walizaana haraka mno hata mwaka 1919 wilaya ile ikafungua msimu wa kwanza, wa siku moja tu.

Karibu na Redfield tuliegesha pembeni ya shamba lenye kibao cha serikali ya jimbo. Mfumo huu namshukuru Mungu upo: jimbo linamlipa mwenye ardhi, na raia yeyote mwenye leseni anaingia kwa miguu na bunduki yake bila kubisha hodi kwa mtu. Baba, aliyekulia vijiji vya Kasulu akifuata kanga na kwale pamoja na wajomba zake, hakuwa na shamba wala rafiki mwenye shamba alipofika huku. Vibao hivi ndivyo vilivyomrudisha porini.

Sheria inaruhusu kuanza saa nne asubuhi, basi tukakaa garini tukingoja. Baba akatumia muda ule kwa miguu ya mbwa. Alimpakata Chui, akatenganisha kidole na kidole, akapaka mafuta mazito katikati, taratibu, hadi kwenye mikunjo ya nyayo. Usipofanya hivyo theluji hujikusanya pale, inaganda kuwa vigololi, na mbwa anaanza kuchechemea kabla hujafika popote. Chui akavikwa na koti lake, kwani manyoya yake hayatoshi kwa baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri.

Tuliposhuka, milango ya gari tuliisukuma kwa mkono hadi ikashika, hatukuibamiza. Hakuna kuitana wala filimbi. Fezanti wa Januari akisikia mlango wa gari, anakimbia kwa miguu hadi mwisho wa kinamasi na kuruka akiwa mbali, nje ya uwezo wa marisau. Kwa hiyo tulipanga hivi: Baba, ambaye magoti hayamruhusu tena kupita kwenye matete, azunguke kwa nje na kusimama ncha ya mbali. Mimi na mbwa tuingie kutoka upande wa pili, upepo ukitupiga usoni, ili harufu iwajie mbwa na sauti yetu ibaki nyuma.

Ndani ya matete ni kazi ya kweli. Yamekuzidi kimo, na kila ukiyagusa yanamwaga manyoya meupe yanayoingia puani, machoni, hadi kwenye mtutu wa bunduki. Juu ya theluji nyayo zilikuwa wazi: vidole vitatu mbele, na mara mojamoja mstari mwembamba ulioachwa na mkia. Chui akazifuata, akapunguza mwendo, akaganda, mguu mmoja juu. Nilimkaribia. Ndege hakuwepo tena, alishasogea. Chui akajongea, akaganda tena. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu, tukimsukuma mtu tusiyemwona.

Kisha wakainuka matetea, mmoja, wawili, kundi zima, rangi ya majani makavu. Hao hawapigwi. Jogoo mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo kuchukua majogoo, watatu kwa siku kwa kila mwindaji, hakupunguzi vifaranga wa mwaka ujao. Kinachowamaliza ni kukosa nyasi za kutagia na matete ya kujikinga. Ndiyo maana najali sana ule mpango wa serikali kuu, ulioanza mwaka 1985, wa kuwalipa wakulima waache sehemu ya ardhi iwe nyasi. Mahali palipolimwa hadi ukingoni hatukuona hata unyayo.

"Jogoo!" nilipiga kelele. Alitoka nyuma yangu, mkia mrefu, pete nyeupe shingoni, akielekea ncha ya mbali huku akilia kwa hasira. Baba alimwacha apande hadi anga likaonekana chini yake, ndipo akapiga, mara moja. Ndege akaanguka ng'ambo ya mfereji, akapotea kwenye nyasi zilizolala. Doria hakuambiwa. Alikwenda, akatafuta kwa pua akizunguka na kuzunguka, hata nikadhani tumempoteza. Akarudi naye mdomoni, mzima mzima, hajamtoboa ngozi.

Baba aligeuza mguu wa yule jogoo akanionyesha kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu: kirefu, cheusi, chenye ncha kali. "Huyu amepita baridi nyingine kabla ya hii, mwanangu." Alasiri nami nikapata mmoja kwenye mstari wa miti ya kukinga upepo, Chui akiwa amemgandia chini ya kichaka. Hatukufikisha idadi, na Baba hakutaka tuingie kinamasi kingine, kwa kuwa Doria alikuwa na mikwaruzo ya barafu tumboni.

Ndege tuliwasafisha pale pale, kila mmoja tukamwachia mguu, kwani askari wa wanyamapori akikusimamisha njiani lazima aone kwamba ni jogoo. Nyumbani Mama huwapika kwa tui la nazi na moto mdogo. Kifua hukauka upesi, hutolewa mapema. Mapaja, hasa ya jogoo mzee, yana kano ngumu, na hukaa jikoni hadi usiku.